Kuyeyuka na Kumumunyika: Uhakiki wa Istilahi za Maji, Mimumunyo na Michanganyiko

Istilahi haipimwi kwa utamu wake masikioni, wala kwa wingi wa vitabu vilivyokwisha kuitumia. Hupimwa kwa kazi yake: je, yamwezesha msomaji kuitambua dhana moja na kuitenga na jirani zake, au yamwacha akibahatisha? Katika makala haya tunakusudia kuyapima kwa kipimo hicho maneno machache ya kemia ya awali, yaani yale yahusuyo maji na vitu vinavyotiwa ndani yake.

Tumelichagua kundi hili kwa sababu tatu. Kwanza, ni miongoni mwa maneno ya mwanzo ya kisayansi anayokutana nayo mtoto wa shule ya msingi. Pili, dhana zake zaonekana jikoni na kisimani, kwa hiyo kila msomaji aweza kuhukumu mwenyewe bila ya kuingia katika maabara. Tatu, kasoro zilizomo katika kundi hili dogo ndizo zile zile zilizomo katika makundi makubwa zaidi. Hatukusudii kuwalaumu walimu na waandishi waliotutangulia. Hao walitakiwa kufundisha sayansi kwa Kiswahili tangu 1967, lugha hii ilipofanywa ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, nao walitumia maneno waliyoyakuta. Lakini heshima kwa waliotutangulia haituzuii kusema mahali ambapo neno limeshindwa kazi.

Kitenzi kimoja, mambo mawili

Tuzitazame sentensi mbili: "Barafu huyeyuka juani" na "Sukari huyeyuka katika chai." Mzungumzaji wa kawaida haoni tatizo lolote, na jikoni kwa kweli hakuna tatizo. Kitu kilikuwa kigumu, sasa hakionekani kuwa kigumu, basi kimeyeyuka.

Mkemia, hata hivyo, aona mambo mawili yasiyo na undugu. Katika sentensi ya kwanza kuna kitu kimoja tu, nacho kimebadili hali kutoka ugumu hadi umajimaji kwa sababu ya joto. Katika sentensi ya pili kuna vitu viwili. Sukari haikugeuka kuwa majimaji kwa joto. Maji ndiyo yaliyozibandua chembe zake moja moja na kuzitawanya. Ushahidi uko jikoni mwenyewe. Mpishi anapoiweka sukari kavu kikaangoni, bila maji, nayo ikageuka ute wa rangi ya kahawia, huko ndiko kuyeyuka kwa sukari. Sukari iliyotiwa ndani ya chai haikupita njia hiyo.

Ubaya wa kutumia kitenzi kimoja huonekana pale mambo yote mawili yanapokutana. Chumvi ya mezani hutoweka katika maji ya kisima kwa muda mfupi tu. Lakini ukiiweka motoni peke yake, haigeuki majimaji mpaka ifikie nyuzi 801 za Sentigredi, joto ambalo hukifanya chuma kiwe chekundu. Mwalimu anayeifuata istilahi iliyozoeleka hana budi kuandika hivi: "Chumvi huyeyuka upesi katika maji baridi, lakini haiyeyuki mpaka ifikie nyuzi 801." Kikemia sentensi hiyo ni ya kweli. Kilugha, yajipinga yenyewe, na mtoto mwenye akili ndiye atakayekuwa wa kwanza kuikataa.

Hapa twaweza kupata kipimo cha jumla. Neno kuwa na maana mbili si kosa kila mara. Kwa wavuvi, "maji baridi" ni maji yasiyo na chumvi na pia ni maji yasiyo na joto, wala hatujasikia mtu akipotea kwa sababu hiyo, kwa kuwa maana hizo mbili mara chache hukutana katika usemi mmoja. Lakini maana mbili zinapolazimika kukaa pamoja katika sentensi moja ya kitaalamu, neno moja halitoshi. Tukiite kipimo hiki kipimo cha sentensi moja. Kitenzi -yeyuka hakikipiti.

Madhara hayaishii shule ya msingi. Mtoto aliyefundishwa kitenzi kimoja kwa mambo mawili huingia sekondari, ambako lugha ya kufundishia imebaki kuwa Kiingereza, naye hukuta vitenzi viwili. Kwa kuwa katika fikira zake hakuna mahali pa kuvitenga, huvichukulia kuwa visawe. Mwalimu atasema kwamba Kiingereza ndicho kilichomshinda. La hasha, dhana ndiyo ambayo hakupewa tangu mwanzo.

Ukoo wa maneno uliosongamana

Kasoro ya kitenzi hurithiwa na nomino zake. Kutokana na -yeyuka na -yeyusha twapata myeyuko, myeyusho, kiyeyusho, kiyeyushi na kiyeyushwa. Maneno haya yakipangwa katika ukurasa mmoja, macho huchoka kabla ya akili. Myeyuko na myeyusho yametengwa kwa konsonanti tu, ilhali la kwanza latakiwa litaje badiliko la hali na la pili litaje kitu kilichopatikana kwa kutia sukari katika maji. Kiyeyushi na kiyeyusho yametengwa kwa irabu moja ya mwisho. Katika darasa la watoto hamsini, mwalimu akisema kwa sauti, ni nani atakayehakikisha kwamba aliyeketi nyuma amesikia irabu ile?

Tena, -yeyusha lina mwenyewe kwa haki ya kale. Sonara huyeyusha dhahabu, mfua vyuma huyeyusha shaba, na mtengeneza mishumaa huyeyusha nta. Wote hawa wana moto. Neno hili laashiria moto popote litumikapo kwa ufundi, na yafaa liachiwe moto.

Kitenzi kinachostahili

Lugha haikutunyima neno la pili. Kitenzi -mumunya kipo tangu zamani. Mtoto humumunya peremende. Mzee asiye na meno humumunya kipande cha sukari guru. Hakuna kutafuna wala kupasha moto. Mate hukizunguka kitu kigumu, hukilamba kidogo kidogo, mpaka kinakwisha nacho chote kimo ndani ya mate. Ni vigumu kupata picha nyingine ya Kiswahili inayoikaribia hivi dhana tunayoitafuta. Wataalamu kadhaa wamekwisha kulitumia neno mmumunyo, na wametenda vyema. Lawama yetu ni kwamba limetumika nusunusu: ukurasa mmoja waandika mmumunyo, unaofuata waandika kwamba chumvi "imeyeyuka" ndani ya huo mmumunyo. Jina limebadilishwa, kitenzi kimeachwa, na mvurugiko umebaki pale pale.

Pingamizi tunazozifahamu ni tatu. Ya kwanza ni kwamba neno lachekesha, kwa kuwa ni la mdomoni. Jibu ni kwamba kicheko hudumu juma moja, na dhana iliyoeleweka hudumu maisha. Ya pili ni kwamba maneno yanayozaliwa ni marefu. Hilo ni kweli, na twapaswa kulikubali. Kimumunyishi si neno jepesi. Lakini tukisema kimumunyishi kwa kile kinachomumunyisha na kimumunyishwa kwa kile kinachomumunyishwa, tutakuwa tumelirudia kosa lile lile la irabu moja. Kwa hiyo twapendekeza kile kitiwacho majini kiitwe kimumunywa, kwa mfano wa kiarifiwa: maji ni kimumunyishi, chumvi ni kimumunywa, maji ya chumvi ni mmumunyo.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito zaidi: watu wote husema sukari imeyeyuka, nasi tutawezaje kuibadili lugha ya watu? Hatuna haja ya kuibadili. Mfaransa wa kawaida husema sukari imeyeyuka ndani ya kahawa kwa kitenzi kile kile anachokitumia kwa siagi kikaangoni. Lakini kitabu cha kemia cha Kifaransa hutumia kitenzi kingine kwa sukari, na hakuna aliyeitwa mpumbavu kwa kuzungumza kama mama yake. Kiarabu nacho kina kitenzi kimoja cha kale chenye kubeba maana zote mbili. Wanasayansi wa Kiarabu walikiacha kitenzi hicho kwa mambo ya mimumunyo, wakatumia kingine kwa badiliko la hali kwa joto. Lugha hizo hazikumnyang'anya mtu neno lake. Ziliweka mpaka ndani ya kitabu, zikaacha jikoni huru. Nasi yatosha kufanya hivyo.

Kukolea si kushiba

Tukiisha kuwa na mmumunyo, huja swali la kiasi. Hapa Kiswahili kina utajiri, nasi tumeutumia vibaya. Chai hukolea sukari, mchuzi hukolea chumvi. Na chai iliyokolea mno huzimuliwa kwa maji. Vitenzi -kolea na -zimua vyajitosheleza, na nomino ukolezi yafaa kuwa jina la kipimo cha kimumunywa kilichomo katika ujazo fulani wa mmumunyo.

Kosa hutokea neno "uliokolea" linapotumiwa pia kwa mmumunyo ambao hauwezi tena kupokea zaidi. Hizo ni dhana mbili. Tuchukue maji ya chokaa, yale ambayo shuleni hutumiwa kuitambua hewa ya kaboni dayoksaidi. Katika joto la kawaida, lita moja ya maji hupokea chini ya gramu 2 za chokaa iliyozimwa, kisha hukataa. Inayozidi hutuama chini. Mmumunyo huo umefika mwisho wake, lakini ukolezi wake ni mdogo sana. Kwa upande wa pili, gramu 100 za maji katika nyuzi 20 zaweza kupokea sukari ipatayo gramu 200. Ukitia gramu 100 tu, utapata shira tamu iliyokolea kwelikweli, na bado ina nafasi ya kupokea gramu nyingine kama hizo. Kwa istilahi moja, mwalimu atasema maji ya chokaa yamekolea na shira haijakolea. Hakuna mpishi atakayemwamini.

Kwa hiyo twapendekeza -shiba kwa dhana hiyo ya pili: maji yameshiba chokaa, shira haijashiba sukari. Faida ya neno hili ni kwamba latukumbusha kuuliza, "Yameshiba katika joto gani?" Gramu 100 za maji katika nyuzi 20 hushiba kwa gramu zipatazo 32 za shura, yakipashwa hadi nyuzi 60 hupokea zipatazo 110. Chumvi ya mezani sivyo: ni gramu zipatazo 36 katika nyuzi 20, na huongezeka kidogo tu maji yanapochemka.

Hapa yafaa kusema pia juu ya neno kuganda, ambalo ni pacha wa kuyeyuka kwa kasoro. Maji huganda kuwa barafu, damu huganda kidondani, maziwa huganda kibuyuni. Na wengine husema chumvi "huganda" katika mashamba ya chumvi ya pwani. Kule, maji ya bahari, yenye gramu zipatazo 35 za chumvichumvi katika kila kilo, hukaushwa kwa jua mpaka yashibe, ndipo chumvi hujitenga ikiwa fuwele. Katika Uvinza, mkoani Kigoma, jambo hilo hilo limefanywa kwa karne nyingi kwa kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi. Hapo hakuna kilichoganda kwa baridi. Kama kuyeyuka kunavyopaswa kuachiwa moto, kuganda kuachiwe baridi, na chumvi isemwe kuwa imefanya fuwele.

Vilevile neno kali lisichukue nafasi ya kukolea. Ukali wa tindikali ni tabia yake ya kujitenga katika ayoni ndani ya maji. Ukolezi ni kiasi chake. Tindikali ya siki ni dhaifu hata ikikolea mno, na ikikolea mno huunguza ngozi. Tindikali ya haidrokloriki ni kali hata ikizimuliwa. Mtumishi wa maabara asiyetengewa maneno haya mawili amenyimwa onyo.

Dawa ya kuharisha na dhima ya maneno

Msomaji aweza kudhani kwamba haya ni mambo ya darasani tu. Tuichukue basi pakiti ya chumvichumvi anayopewa mama wa mtoto anayeharisha. Kwa mujibu wa mchanganuo uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002, pakiti ya lita moja ina chumvi ya mezani gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti ya sodiamu gramu 2.9, jumla gramu 20.5. Mchanganuo wa awali, ulioanza kutumika mwaka 1975, ulikuwa na chumvi ya mezani gramu 3.5 na glukosi gramu 20. Kusudi la badiliko hilo lilikuwa kuupunguza ukolezi.

Sasa tuyatazame maneno yetu yakiwa mikononi mwa mama huyo. Tukimwambia "yeyusha," tumempa kitenzi chenye kunukia moto, ilhali dawa hiyo haitakiwi kuchemshwa baada ya kuchanganywa. Tukimwambia kwamba mmumunyo "usikolee," twakwenda kinyume na masikio yake, kwa kuwa jikoni kukolea ni sifa. Chakula kilichokolea ni chakula kizuri. Kwa nini dawa iliyokolea isiwe dawa nzuri zaidi? Lakini maji yaliyozidi chumvi na sukari huyavuta maji ya mwili kuingia utumboni badala ya kuyarudisha mwilini, na mtoto huzidi kudhoofika. Hatusemi kwamba -kolea liachwe. Twasema kwamba ukolezi ufundishwe mapema kuwa ni kipimo, chenye kupanda na kushuka, si sifa. Na kwamba maagizo ya pakiti yaseme waziwazi: tia pakiti yote katika lita moja kamili ya maji salama, koroga mpaka imumunyike, usiongeze kitu.

Mchanganyiko na mpaka wake

Limebaki neno mchanganyiko, ambalo limebebeshwa kuliko uwezo wake. Mara nyingi husikika sentensi kwamba "maji ni mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni." Sentensi hii ni kosa, na ni kosa la istilahi kabla ya kuwa kosa la kemia. Mchanganyiko wa gesi hizo mbili upo, nao ni gesi. Cheche moja yaweza kuulipua. Maji ni kitu cha tatu kinachopatikana baada ya mlipuko huo, na ndani yake uwiano hauna hiari: sehemu moja ya haidrojeni kwa nane za oksijeni kwa uzito. Mchanganyiko huruhusu kiasi chochote. Muungano wa kikemia hauruhusu. Vitabu vina kampaundi, na vingine vina msombo. Baraza lichague moja. Muhimu ni kwamba mchanganyiko lisiitwe tena kufanya kazi hiyo.

Chini ya mchanganyiko yafaa pia kutenga. Si kila kilichochanganywa na maji ni mmumunyo. Maji ya tope yakiachwa usiku kucha, mashapo hutuama. Tui zito likiachwa, mafuta hupanda juu na maji hubaki chini. Mmumunyo wa kweli hautuami, hautengani kwa kukaa, wala hauchujiki. Machicha hubaki kwenye chujio, chumvi haibaki. Mpishi wa pwani anayajua haya yote. Anachokosa ni kitabu kitakachomwambia kwamba ujuzi wake una majina.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza mgawanyo ufuatao:

kuyeyuka: kitu kigumu kugeuka majimaji kwa joto.
kuganda: kitu cha majimaji kugeuka kigumu kwa kupoa.
kumumunyika: kitu kutawanyika chembe chembe ndani ya kimumunyishi.
kimumunyishi: kile kinachomumunyisha, kwa mfano maji.
kimumunywa: kile kinachomumunyika, kwa mfano chumvi.
mmumunyo: mchanganyiko wa hivyo viwili, usiotuama wala kuchujika.
ukolezi: kiasi cha kimumunywa katika ujazo maalumu wa mmumunyo.
kuzimua: kupunguza ukolezi kwa kuongeza kimumunyishi.
kushiba: mmumunyo kufikia mwisho wa kupokea kimumunywa katika joto maalumu.
kufanya fuwele: kimumunywa kujitenga na mmumunyo kikiwa na umbo la fuwele.

Maneno haya hayana budi kupokewa au kukataliwa kwa ukoo mzima, si moja moja. Kulipokea mmumunyo na kukiacha kitenzi chake ni kujenga paa bila nguzo. Aidha, kabla ya kusanifishwa yafikishwe kwa walimu wa sayansi wa shule za msingi, kila mmoja atakiwe kuandika kwa maneno hayo sentensi tatu: ya chumvi na nyuzi 801, ya maji ya chokaa na shira, na ya pakiti ya dawa. Ikiwa sentensi hizo zitaeleweka kwa mtoto aliyeketi nyuma, istilahi zimefuzu. Zisipoeleweka, hatuna budi kurudi mezani, hata kama maneno hayo yatupendeza sisi tuliyoyapendekeza.